Kiboko wa Tabaka na Mzigo wa Ithibati: Mhadhara juu ya usalama wa vichezeo katika Kisii na Nyamira



Nimeombwa kuzungumza juu ya sheria za usalama wa bidhaa na watu wadogo wanaoishi kwa kutengeneza au kuuza vitu vya kuchezea. Naomba tuanze na kiboko. Namaanisha yule wa jiwe, anayetosha kwenye kiganja cha mtoto, anayechongwa Tabaka kule Mugirango Kusini na kuuzwa hapa Kisii mjini, Nairobi, Mombasa na hata Ulaya na Marekani. Kabla hajafika dukani amepita mikono mingi. Kuna waliochimba jiwe kwa sululu na mitaimbo. Kuna aliyelikata kwa panga, kisha akalitoa umbo kwa kisu. Halafu kiboko anaingia kwenye beseni la maji, na hapo kwa kawaida kazi ni ya akina mama: kumsugua kwa msasa, kwanza ule mkali kisha ule laini, kumwanika juani, kumpaka rangi, kumchora mistari na maua kwa ncha ya chuma, na kumng'arisha kwa nta.

Kiboko huyo akinunuliwa na mtalii aliyeingia dukani, anaitwa pambo, na sheria haina neno kubwa naye. Akipewa mtoto achezee, amebadilika. Sasa ni kichezeo, na karibu kila nchi ina sheria inayomtaka mtu fulani athibitishe kwamba hatamdhuru mtoto huyo. Ninalotaka kuliuliza leo ni nani huyo mtu, na gharama ya uthibitisho inamwangukia nani. Maoni yangu nayasema mapema ili msiyatafute: gharama hiyo iwekwe pale kitu cha hatari kinapoingilia, yaani kwenye kiwanda cha rangi na bandarini. Tukiiweka kwenye beseni la mama wa Tabaka au juu ya turubai la muuza mitumba wa soko la Daraja Mbili, tutawafukuza kazini na sumu itabaki palepale.

Sheria iliyotikisa mafundi wadogo kuliko zote ilipitishwa Marekani mwaka 2008, na ina chanzo cha kuhuzunisha. Mwaka 2006, mtoto wa miaka minne huko Minneapolis alimeza kidani kilichotolewa kama zawadi pamoja na viatu. Kidani kile kilikuwa karibu chote ni madini ya risasi, na mtoto akafa. Mwaka uliofuata vichezeo vilivyotengenezwa China vikarudishwa kwa mamilioni kwa sababu ya rangi yenye risasi. Juni 2007 yalikuwa magari-moshi ya mbao ya Thomas, kama milioni moja na nusu. Agosti ikafika zamu ya Mattel, kampuni kubwa ya wanasesere na vichezeo. Wazazi walikasirika, na walikuwa na haki. Bunge la wawakilishi likapitisha sheria mpya kwa kura 424 dhidi ya moja, na Rais Bush akaitia sahihi tarehe 14 Agosti 2008.

Sheria hiyo ilisema mambo mawili yanayotuhusu. La kwanza, risasi katika bidhaa ya mtoto isizidi sehemu 600 katika milioni, kisha 300, na kufikia Agosti 2011 isizidi 100. Katika rangi kikomo ni 90. La pili, si mtengenezaji wa kujipimia. Ni lazima bidhaa ipelekwe kwenye maabara huru iliyoidhinishwa. Jambo la kwanza sina ugomvi nalo hata kidogo. Ni la pili lililowaumiza mafundi wa mbao na washonaji wa wanasesere huko Marekani kwenyewe, kwa kuwa ada ya maabara ni ileile, uwe unatengeneza vichezeo milioni au hamsini. Kampuni inayouza milioni moja haitaiona ada hiyo katika bei ya kila kimoja. Fundi wa vichezeo hamsini ataiona, na mnunuzi wake ataiona, kisha hatarudi. Mafundi wakaungana katika Handmade Toy Alliance na kwenda kulalamika Washington. Na Mattel, ambayo rangi za vichezeo vyake zilichangia kuzaliwa kwa sheria hiyo? Mwaka 2009 iliruhusiwa kutumia maabara zake yenyewe, kwa masharti ya kuzitenga na shinikizo la biashara. Nimelitafakari jambo hili mara nyingi, na bado linanichoma. Kampuni yenye uwezo wa kujenga maabara ilipata njia, na mafundi ambao hawakuwa wamemtilia mtu sumu wakabaki wakichangishana pesa za vipimo.

Marekebisho yalikuja polepole. Agosti 2009, tume ya usalama wa bidhaa ya Marekani ilitoa orodha ya vitu vya asili visivyohitaji kupimwa risasi: mbao tupu, pamba, sufu, hariri, vito, na pia madini mengine, mradi si ya risasi na hayapatikani ardhini pamoja na madini ya risasi. Mwaka 2011 bunge likawatambua watengenezaji wadogo: anayetengeneza vipande visivyozidi 7,500 vya bidhaa moja kwa mwaka, na ambaye mapato yake hayapiti dola milioni moja hivi, akaondolewa vipimo kadhaa vya maabara. Hata hivyo, hata walipoilegeza kamba, kuna vitu ambavyo hawakuvilegeza kwa mtu yeyote, mkubwa wala mdogo, vikiwemo rangi na vipande vidogo vinavyoweza kumkaba mtoto.

Tuisome habari hiyo tukiwa tumesimama Tabaka. Jiwe lenyewe, likiwa halijapakwa kitu, lina mahali pa kupitia katika orodha ile ya madini. Rangi haina. Kwa hiyo mnunuzi wa ng'ambo anayeogopa sheria ana njia nyepesi: anaagiza viboko wasio na rangi. Hakuna aliyemwonea mtu. Lakini nimeshawaeleza rangi inapakwa na nani. Malipo ya Tabaka mara nyingi ni ya kipande kwa kipande, kila hatua na bei yake, na hatua ya rangi ikifutwa, anayepungukiwa ni mama aliyekuwa kwenye hatua hiyo. Sheria iliyoandikwa maelfu ya kilomita kutoka hapa kwa ajili ya kumlinda mtoto inaweza kupunguza chakula cha mtoto mwingine, na hakuna karatasi yoyote itakayoonyesha kwamba hilo lilitokea.

Kuna wanaosikia haya na kusema: basi waacheni wadogo, sheria iwahusu wakubwa tu. Mimi siungani nao. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa hakina madhara. Risasi huingia kwenye ubongo unaokua na kupunguza uwezo wa mtoto kujifunza, na kilichopotea hakirudi. Hatuhitaji kwenda Minneapolis kulishuhudia. Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilimwaga risasi katikati ya watu hadi kilipofungwa mwaka 2014. Mwanaharakati Phyllis Omido alipigana kwa miaka, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, amri iliyokatiwa rufaa na kurejeshwa na Mahakama ya Juu Desemba 2024. Watoto waliokuwa wananyonya wakati kiwanda kinafuka moshi walikuwa vijana hukumu hiyo ya mwisho ilipotoka. Mtoto hajui kama rangi aliyoilamba ilipakwa na kampuni kubwa au na jirani yetu maskini. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Huruma yetu kwa fundi isiwe sababu ya kufumba macho.

Basi tutazame rangi hiyo inafikaje kwenye beseni. Kikomo cha sehemu 90 katika milioni, kinachopendekezwa na Umoja wa Mataifa, kimeingizwa pia katika viwango vya rangi vya Kenya. Kopo likitoka kiwandani likiwa zima, lina jina la kampuni, nambari ya toleo na alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya. Lakini fundi wa Tabaka hanunui kopo la lita nne. Anaenda duka la vifaa vya ujenzi na chupa yake, anapimiwa rangi ya mia moja au mia mbili. Kopo lenye alama linabaki kwenye rafu, chupa isiyo na alama inaenda nyumbani. Hapo ndipo uzi wa ushahidi unapokatika, na unakatika kwa sababu ya umaskini, hakuna ujanja wowote ndani yake. Mkaguzi akija kesho na kumwuliza mama yule, rangi hii ni ya nani, hana la kujibu hata kama rangi yenyewe ni safi kabisa.

Dawa ya hili inajulikana. Huko Marekani sheria inaruhusu kipimo cha malighafi: mtengenezaji wa rangi akiipima na kutoa cheti, fundi anayeitumia anaegemea cheti hicho, hapimi tena kila kiboko, kila twiga, kila kisahani. Vikundi vya Tabaka vingeweza kununua rangi kwa pamoja, makopo mazima kutoka toleo moja, yakahifadhiwa mahali pamoja na kugawiwa kwa daftari: tarehe, nambari ya toleo, aliyechukua, kiasi. Daftari la shilingi mia moja. Mnunuzi wa Hamburg au Chicago akiuliza, jibu lipo. Na duka linalopimia watu rangi litakiwe kuandika nambari ya toleo kwenye chupa kwa kalamu. Huo ni mzigo, nakubali, lakini ni mzigo wa dakika moja.

Naomba mnivumilie nigusie jambo ambalo sheria za vichezeo hazilitaji kabisa, nalo ni vumbi. Jiwe letu linakatwa na kuchongwa likitoa unga mweupe unaofunika nywele, kope na paa za vibanda. Duniani, mawe laini ya jamii hii yanajulikana kuwa yanaweza kubeba chembechembe za silika, na baadhi ya machimbo ya talki katika nchi nyingine yamekutwa na asbesto. Mtoto anayechezea kiboko aliyemaliza kung'arishwa hapati unga wowote. Jiwe limekwisha kulainishwa kwa maji. Anayeuvuta ni mchongaji, na ni mtoto wa mchongaji anayecheza chini ya benchi baada ya shule. Tumekuwa na Sheria ya Usalama na Afya Kazini tangu 2007. Inasema mahali pa kazi pawe salama kwa kila anayefanya kazi hapo. Itakuwa aibu kubwa kwetu kama tutajifunza kupima kila kitu kwa ajili ya mtoto wa mteja, na pumzi ya mtoto wa Tabaka isipimwe na mtu yeyote. Kukata jiwe likiwa limelowa, kuchonga nje penye upepo badala ya ndani ya kibanda, barakoa nzuri badala ya kitambaa, na watoto kukaa mbali na benchi: hayo hayasubiri Nairobi wala Brussels. Sampuli za mawe ya machimbo yetu kupelekwa maabara, hilo linahitaji serikali, na lingekuwa la kwanza kwenye orodha yangu.

Sasa tushuke sokoni. Daraja Mbili, Keroka, Kebirigo, Nyamira mjini: kati ya suruali na mashuka ya mitumba utaona rundo la madubu ya manyoya, magari ya plastiki, simu za kubonyeza zinazolia, wanasesere wasio na kiatu kimoja. Vinakuja ndani ya bale, au vinanunuliwa kwa jumla Gikomba na kupandishwa matatu. Mama anayeviuza hakuvichagua. Bale hununuliwa likiwa limefungwa. Akilifungua ndipo anajua kama amepata kamera, yaani vitu vizuri, au fagia, yaani mabaki. Mwaka 2020 alionja uzito wa amri ya serikali: Machi mitumba ilipigwa marufuku kwa sababu ya korona, na ikarudishwa Agosti kwa masharti. Miezi hiyo alikula mtaji wake. Kwa hiyo ukimtajia sheria ya usalama, anasikia marufuku.

Lakini hatari ipo kweli, na ina sura yake. Kichezeo kikigunduliwa kuwa na kasoro Ujerumani au Marekani, kampuni hutangaza kirudishwe. Wengi hawarudishi. Kinakaa kwenye boksi stoo, mwaka wa tatu kinatolewa kama msaada, kinapelekwa kiwanda cha kuchambua nguo kuukuu, kinaingia kwenye bale, kinafika Daraja Mbili. Tangazo lilibaki kule, kichezeo kimesafiri. Katika sheria ile ya Marekani, maduka ya vitu vilivyotumika yaliambiwa Januari 2009 kwamba hayalazimiki kupima, lakini hayaruhusiwi kuuza kitu kinachovuka kikomo, wala kilichotangazwa kurudishwa. Maduka mengi yaliingiwa na hofu, mengine yakaondoa vichezeo kwenye rafu. Kumwambia mtu hulazimiki kupima lakini ukikosea una hatia, huko ni kumwacha gizani. Na yule wa kule ana kompyuta na orodha ya kutazama. Wa kwetu ana turubai.

Ndiyo maana nasema mtumba wa vichezeo utakiwe ukaguzi pale Mombasa na kwenye ghala la mwagizaji, ambako mabale ni mengi na mwenye mali ni mmoja. Sokoni tupeleke maarifa. Muuzaji anaweza kufundishwa asubuhi moja mambo yanayoua haraka. Kwanza, betri ndogo za duara kama kifungo. Mtoto akiimeza na ikakwama kooni, inaweza kuunguza njia ya chakula ndani ya saa mbili. Kichezeo chenye betri hiyo lazima kifuniko chake kifungwe kwa skrubu. Kikifunguka kwa kucha, betri itolewe na kisiuzwe. Pili, sumaku ndogo zenye nguvu: mtoto akimeza mbili, zinavutana ndani ya utumbo na kuutoboa. Tatu, macho ya dubu na vifungo vinavyong'oka ukivivuta. Nne, rangi inayobanduka kwenye kichezeo cha zamani cha chuma au mbao.

Na kwa vipande vidogo kuna kifaa ambacho nadhani Tabaka imezaliwa kukitengeneza. Viwango vya dunia vinatumia kikombe chenye tundu la duara la kipenyo cha milimita 31.7, ambalo kitako chake kimeinama, upande mmoja kina cha milimita 25.4 na upande wa pili 57.1. Kinafanana na koo la mtoto mdogo. Kipande chochote kinachotumbukia chote humo bila kulazimishwa hakimfai mtoto wa chini ya miaka mitatu. Watu wanaochonga kete za sataranji zikalingana zote hawawezi kushindwa na kikombe hicho. KEBS ithibitishe vipimo vya cha kwanza, mafundi wachonge vingine kwa jiwe, na kila kibanda cha vichezeo Daraja Mbili na Keroka kiwe na chake kimening'inizwa kwa kamba. Mzazi naye akitaka kujaribu, ajaribu hapohapo.

Kuhusu sheria yetu sitakaa sana. Ibara ya 46 ya Katiba inampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na ya kulindwa afya na usalama wake. KEBS ipo tangu Sheria ya Viwango ya 1974, na bidhaa za nje zinakaguliwa kabla ya kupakiwa tangu 2005. Jedwali la Nne la Katiba limeziachia kaunti masoko, leseni za biashara na vyama vya ushirika. Sheria ya Biashara Ndogo ya 2012 inamwita mwenye mauzo madogo kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika kumi kuwa mfanyabiashara mdogo kabisa, na karibu kila beseni la Tabaka liko humo. Ngazi hiyo ipo kisheria, lakini haitoshi kumpunguzia mtu ada ya kibali. Apunguziwe pia njia ya kuthibitisha, kwa kuegemea cheti cha rangi kama nilivyoeleza.

Ulaya inaendelea kubana. Tangu Julai 2021 kichezeo kinachoingia huko kinatakiwa kiwe na mtu au kampuni iliyoko ndani ya Umoja wa Ulaya inayokiwajibikia, na tangu 13 Desemba 2024 sharti hilo limeenea kwa karibu kila bidhaa ya matumizi, pambo na kisahani zikiwemo. Fundi anayemtumia mteja mmoja wa Ufaransa kifurushi hawezi kumlipa mwakilishi kama huyo. Chama cha ushirika cha wachongaji wote kinaweza. Wale wanaouza kila mtu kivyake, na nawafahamu wengi walio na sababu nzuri za kutoviamini vyama, watakuta mlango huo umefungwa.

Nimalizie na ombi la bajeti. Kuna mashine ya mkononi inayotumia miale ya eksirei, ukiigusisha kwenye kichezeo inasoma madini yaliyomo kwa sekunde chache bila kukivunja. Bei yake ni mamilioni kadhaa ya shilingi, na anayeitumia ni lazima afundishwe na kupewa kibali kwa sababu ya miale. Moja ingetosha Kisii na Nyamira. Ningependa iwekwe Keroka, mji ambao kaunti zote mbili zimekuwa zikivutana juu ya ushuru wake, na siku za soko iwahudumie bure wachongaji, maseremala na wauza mitumba, huku siku nyingine ikienda Tabaka na Daraja Mbili. Kwa mujibu wa sheria ya fedha za umma, makadirio ya bajeti hufika bunge la kaunti kabla ya mwisho wa Aprili, na maoni ya wananchi husikilizwa. Jambo hili linahitaji kusemwa katika kumbi za Kisii na za Nyamira mwaka uleule, na lisemwe na wenye mabeseni na wenye maturubai, kwa kuwa kaunti moja ikinunua peke yake, wafanyabiashara wa upande wa pili wa barabara ya Keroka wataambiwa mashine si yao.